Nyongeza ya Mama

Mama yangu hajui kupima. Nasema hivyo kwa heshima zote, na kwa uchungu wa mtu anayelipwa mshahara kufundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Shinyanga. Mizani anaisoma vizuri tu. Mshale ukifika mahali pake anauona, tena anautangaza kwa sauti. Shida huanza hapo hapo. Mkono wake wa kulia hurudi kwenye beseni, huchota kidogo, huweka juu ya kile kilichokwisha kupimwa. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwa Mama, mtu akikupimia kitu asikupe nyongeza, hajakuuzia, amekuadhibu.

Biashara yake ni matobolwa. Kwa msomaji ambaye hakubahatika kulelewa Usukumani, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakamaa. Ndugu yake ni michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mbichi. Matobolwa hayahitaji moto mara ya pili. Unatafuna hivyo hivyo, na karanga zikiwepo humkumbuki mtu wa wali. Kijijini kwetu, njia ya kuelekea Bugarama, nyuma ya nyumba kuna jabali pana lililolala kama mkeka, na hapo ndipo Mama na wanawake wenzake wa kikundi walipokuwa wakianika. Mama yake alianika hapo hapo, na bibi yake pia.

Sasa mwaka mmoja yakafanyika maonyesho ya wajasiriamali mjini, nami nikamshawishi Mama alete beseni lake. Akapita mgeni mmoja, mwanamke mwenye duka la vyakula huko Ulaya. Akaonja kipande. Akaonja cha pili. Akanunua kipimo kimoja, na Mama, kama kawaida yake, akamjazia nyongeza kwenye viganja vyote viwili mpaka vikadondoka chini. Mgeni yule karibu alie. Kabla ya kuondoka alituachia anwani ya barua pepe na maneno matamu: pakiti mia sita kwa kuanzia, kila moja gramu mia mbili na hamsini, na wateja wakizipenda, ataagiza kila mwezi.

Mama hakuwa na haja na Ulaya. Aliyemfanya akubali ni mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko upande wa Geita, kwa wachimbaji wadogo. Haingii shimoni. Anafanya kazi mwaloni, yaani pale mawe yakishasagwa kwenye karasha yakawa unga, unga huo unaoshwa kwa maji, halafu unachanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu. Kuchanganya ni kwa mikono, mitupu. Kisha kile kidonge kinachopatikana kinachomwa kwenye jiko la mkaa, zebaki inapotea na dhahabu inabaki. Inapotea, ndivyo wanavyosema wenyewe. Inapotelea wapi, huo ni udadisi wa walimu.

Pasaka moja alikuja nyumbani, akamwaga chai kwenye kitenge chake mara mbili katika kikao kimoja. Akasema ni uchovu wa safari. Mama alifuta meza. Alipoondoka ndipo Mama akaniambia anamtaka arudi, ila hamrudishi kwa maneno, maana ana watoto wawili wanaosoma na maneno hayanunui madaftari. Atamrudisha kwa kazi. Kikundi kikipata soko la kila mwezi kitahitaji msimamizi, na msimamizi ni yeye. Nilipompigia simu mdogo wangu kumweleza, alicheka.

"Mzigo ukifika, na mimi nafika," alisema.

Basi nikajitwika makaratasi, kwa ule ujinga wa mtu aliyesoma, nikidhani kazi kubwa ni kuchemsha viazi.

Fomu ya kwanza ilitaka nichague aina ya bidhaa kwenye orodha. Kulikuwa na unga, kulikuwa na vitu vilivyogandishwa, kulikuwa na vya kukaanga. Matobolwa hayakuwemo. Nilipouliza, nikashauriwa nichague kundi la mwisho, lililoandikwa "Nyinginezo". Hivyo chakula kilichowakuza watu wangu tangu kiazi kipandwe Usukumani kikaingia katika biashara ya dunia kikiitwa Nyinginezo. Mama nilimficha hilo.

Kisha upande wa mnunuzi ukataka uthibitisho kwamba chakula hiki kimeliwa na binadamu kwa muda mrefu bila kuwadhuru. Nilimsomea Mama swali hilo. Akauliza kama watu wale wanaoandika hayo mama zao wazima. Mwishowe nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akatoa barua yenye mhuri ambayo nakala yake ninayo hadi leo: "Nathibitisha kwamba wananchi wa kijiji hiki wamekuwa wakila matobolwa tangu zamani, na wengi wao wako hai." Nilimwomba aondoe hayo maneno ya "wengi wao". Alikataa katakata. Alisema wapo waliokufa, kwa mambo mengine, na yeye hawezi kusema uongo kwenye karatasi ya serikali.

Akaja afisa wa kukagua mahali pa uzalishaji. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu zake. Alimwamkia Mama shikamoo kwa magoti kukunjwa, akaketi, akala sahani nzima ya matobolwa, akashushia vikombe viwili vya chai, akasema wabeja, asante ya Kisukuma, kwa lafudhi ya kwao. Kisha akasimama akaandika kwamba mahali hapa hapafai. Tatizo lilikuwa jabali. Alitaka kujua linasafishwa na nani.

"Mvua," Mama alimjibu.

Akauliza, na isiponyesha? Mama akamwambia isiponyesha viazi navyo havipo, kwa hiyo hakuna cha kuanika. Mimi kama mwalimu sikuona kosa katika hoja ile. Afisa aliandika kwa muda mrefu. Matokeo yake wanawake wa kikundi wakachanga, tukatengeneza vichanja vya mbao na wavu, tukavijengea kibanda cha nailoni, na matobolwa yakawa yanakauka yakiwa yamefungiwa ndani, huku jua lote likiwa limemwagika bure nje. Mama alidai hayana ladha ya jua. Jabali likastaafu, mbuzi wakahamia.

Nikadhani tumemaliza. Ndipo likaja la zebaki.

Huko kwa mnunuzi kulikuwa na mtu makini aliyefungua ramani. Akaona kijiji chetu kiko katika ukanda wa dhahabu. Kwa kuwalinda walaji wake, akataka viazi vyetu vipimwe maabara kama vina zebaki na madini mengine yenye sumu. Sampuli ikasafirishwa kwa basi hadi Dar es Salaam, na mimi nikakaa Ngokolo, mjini Shinyanga, katika chumba changu na nusu, nikisubiri majibu kwa wiki nyingi na kujiuliza maswali ya kitoto.

Nilijiuliza hivi. Dhahabu ya mwaloni, ile inayoogeshwa kwenye zebaki, inasafiri. Inapanda ndege, inashuka, inayeyushwa, inavaliwa vidoleni na shingoni, na sijasikia bibi harusi aliyejazishwa fomu kueleza pete yake ilioshwa na maji gani, na mikono ya nani. Kiazi cha Mama, ambacho uhusiano wake na zebaki ni ujirani tu, ndicho kinachotakiwa kujieleza. Sisemi kisipimwe. Chakula ni chakula, na mimi mwenyewe nisingependa kula sumu. Nilichotaka ni huyo mtu makini, akiwa bado ameshika ramani yake, asogeze kidole kidogo tu upande wa magharibi, mpaka Geita, aulize na habari za watu.

Majibu yalikuja mazuri. Cheti kilikuwa na nembo, mhuri na sahihi mbili, na katikati mstari uliosema: "Zebaki: haikuonekana." Mama alikipeleka Nyasubi, kule Kahama, kikawekewa fremu yenye kioo, akakitundika sebuleni kati ya picha ya marehemu Baba na kalenda ya parokia. Kila mgeni alisomewa. Shahada yangu ya chuo kikuu haijawahi kupata heshima hiyo. Ipo kwenye bahasha, chini ya godoro.

Zikaja lebo. Zilitakiwa zitaje tarehe ya mwisho ya kuliwa. Mama akasema matobolwa hayana tarehe ya mwisho, yana watoto. Wakiyaona ndio mwisho wake. Nikaandika miezi sita.

Siku ya kufungasha nilikwenda na mizani mpya ya kidijitali. Niliwakalisha wanawake wote wa kikundi, wamevaa kofia nyeupe na makoti meupe, nikawafundisha kama ninavyowafundisha kidato cha kwanza. Gramu mia mbili na hamsini. Isizidi, isipungue. Wakaitikia kwa pamoja. Nilizunguka meza, nikaona namba zinasoma vizuri, nikafurahi. Kisha nikamwona Mama. Alipima pakiti, ikasoma sawasawa, akaitoa juu ya mizani, akaangalia upande niliopo, akachota vipande vitatu akavitumbukiza ndani, akaiweka kwenye mashine ya kubana mdomo wa mfuko.

Nilimwambia, "Mama, imetosha hiyo."

Akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni.

"Huyu mama wa watu yuko mbali," alisema. "Afungue akute tumempimia kama dawa?"

Hapa ndipo penye kosa, na kosa ni langu. Nilicheka. Mwalimu wa hisabati, niliyejaza kila fomu kwa mkono wangu, nilicheka, nikaenda kunywa chai. Wenzake walioniona nimecheka walichukua kicheko changu kuwa ruhusa. Kuanzia hapo kila mmoja akaongeza kwa kadiri ya moyo wake, na wanawake wale, nawaambia, wana moyo.

Mzigo ukaondoka kwenda Dar kwa lori. Mama aliniambia nimpigie mdogo wangu aanze kufunga vitu vyake. Nikampigia. Alisema ameshampata mtu wa kumwachia nafasi yake mwaloni, na kwamba watoto wanauliza kama kwa Bibi bado kuna yule mbuzi mweusi.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na mtu wa mizigo. Alikuwa na tatizo dogo. Uzito ulioandikwa kwenye nyaraka na uzito uliosomwa kwenye mizani yake havifanani. Nikamwomba radhi, nikidhani tumepungukiwa. Akasema la, umezidi, tena umezidi sana. Kisha akaniuliza mzigo umetoka wapi hasa. Nikamwambia Msalala, karibu na Bugarama. Akaniomba nisubiri kidogo. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika, ina heshima ya ajabu.

"Dada," alisema, "mle ndani kuna nini kingine?"

Nilichelewa kuelewa. Mzigo uliotoka kwenye ukanda wa dhahabu, umefungwa vizuri, una cheti safi kuliko kawaida, na una uzito ambao hakuna anayeweza kuueleza. Ukiniuliza leo, hata mimi ningeshuku.

Nilipanda basi kwenda Dar. Nilipofika nilikuta meza ndefu, na juu ya meza matobolwa ya Mama yamemwagwa, yamevunjwa kipande kimoja kimoja, wakitafuta dhahabu ndani ya kiazi. Chungu nzima ya vumbi tamu. Nilipoliona lile vumbi nilijisikia kulia, nikajizuia kwa kuhesabu pakiti ambazo hazijafunguliwa. Zilikuwa chache. Yule mtu wa mizigo, ambaye ana kwa ana alikuwa mwungwana, aliniomba maelezo ya ziada ile. Nikamwambia ni nyongeza. Akaniuliza imeandikwa wapi kwenye nyaraka.

Nilimweleza yote, tangu beseni mpaka kofia nyeupe. Alinisikiliza akitafuna, maana ushahidi ulikuwa mezani. Nilipomaliza aliniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Nyongeza naijua, dada. Hata mama yangu anatoa. Lakini mfumo hauna sehemu ya kuiweka."

Nikauliza kama naweza kupunguza pale pale, nitoe vipande viwili vitatu kila mfuko, tumalize. Haiwezekani, kwa sababu ufungashaji hufanyika mahali palipokaguliwa tu, yaani kule kwa mbuzi. Nikauliza nikirudi nikafungasha upya? Inawezekana kabisa, ila utakuwa mzigo mpya, na mzigo mpya hauna cheti, kwa hiyo viazi vile vile, vya shamba lile lile, vitaanza tena safari ya kuthibitisha kwamba havina zebaki. Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Mnunuzi alijibu barua yangu siku hiyo hiyo, kwa upole mwingi. Rafu za duka lake haziwezi kusubiri, kwa hiyo amepata bidhaa inayofanana kutoka kwingine, ndani ya boksi zuri lenye picha ya twiga. Anatutakia kila la heri. Na anaomba nimfikishie Mama salamu, kwani hajasahau jinsi alivyomjazia mikono siku ile ya maonyesho.

Nilikwenda kumwambia Mama mwenyewe. Alikuwa anamenya viazi kwa ajili ya mzigo wa pili. Nilimaliza kueleza, akaendelea kumenya, kisha akauliza kama wametukataa kwa sababu tumewapunja. Nikamwambia hapana, ni kwa sababu tumewazidishia. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akakiweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kanga, na hakuniuliza tena habari za Ulaya.

"Sasa mwenzio anarudi lini?" alisema.

Nilikiokota kile kisu, nikaendelea kumenya.

Mdogo wangu ndiye aliyeokoa matobolwa. Mzigo uliporudishwa alikuja akachukua magunia mawili ya yale yaliyovunjwavunjwa akaenda nayo mwaloni, yakaisha siku hiyo hiyo. Wachimbaji hawakutaka kuona cheti, wala barua ya mwenyekiti. Waliuliza swali moja tu, kama kuna nyongeza. Akapiga simu anataka magunia mengine. Tangu hapo gari linapita kijijini kila wiki kuchukua mzigo. Jabali limerudishwa kazini, mbuzi wamefukuzwa, kwenye kibanda cha nailoni wanalala kuku. Watu wanatupongeza. Kwenye semina moja ya wajasiriamali nilimsikia mtoa mada akitutolea mfano, kikundi cha akina mama kilicholigundua soko la ndani. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Soko hilo la ndani lina msimamizi mmoja anayepokea, anayepima na kugawa. Asubuhi yuko kwenye zebaki, mchana yuko kwenye matobolwa. Hawezi kuondoka sasa, anasema, kikundi kizima kinamtegemea. Mzigo unafika. Yeye hafiki.

Mwezi uliopita alikuja kwa siku mbili. Aliketi sebuleni kwenye kiti cha Baba, na juu ya kichwa chake kile cheti ndani ya kioo: "Zebaki: haikuonekana." Nilimwambia kwa mara nyingine aende hospitali akapimwe. Akasema ataenda kazi zikipungua. Nilikasirika, nikataka kukitoa kile cheti ukutani nikivunje, nikabaki nimekaa. Katika ukoo wetu wote vilivyowahi kupimwa zebaki ni viazi.

Mama aliingia na birika. Akamwekea sahani ya matobolwa, akaongeza ngumi nzima juu yake, akaongeza tena. Kisha akainamisha birika kwenye kikombe chake, na mimi nikawa natazama, maana Mama hujaza kikombe mpaka kinamwagikia kwenye kisosi. Safari hii aliacha kumimina kilipofika nusu kamili. Mdogo wangu akakishika kwa mikono miwili, akanywa, na hakuna kilichomwagika.